Mwanaisha Atafuta Kazi Chuoni

Kila alfajiri nyumba ya Athman, pale Majengo mjini Nyeri, ilinukia mahamri. Waridi, mke wake, alikanda unga jioni akauacha uumuke. Asubuhi alikaanga, akajaza beseni, akaenda kuuza karibu na soko. Athman alikunywa chai ya tangawizi, akachukua mwiko wake na timazi, akaenda kazini. Alikuwa mwashi. Kuta nyingi za Majengo zilikuwa kazi ya mikono yake.

Binti yao Mwanaisha alikuwa mwaka wa pili katika Chuo cha Ufundi cha Karindi, ng'ambo ya mto Chania. Alijifunza kuchora ramani za nyumba. Alilala chuoni, na Jumamosi alikuja nyumbani. Huo ulikuwa mwaka wa 1974. Wasichana chuoni walikuwa wachache, na Mwislamu alikuwa yeye peke yake.

"Mimi hujenga kilichochorwa na wengine," Athman alipenda kumwambia. "Wewe utachora, na wengine watajenga. Lakini ukichora jiko dogo, mama yako atakushtaki kwa kadhi."

Julai ikaja na baridi yake. Baridi ya Nyeri ni ukungu na manyunyu, siku baada ya siku, na mlima hauonekani kabisa. Athman alikwenda Kerugoya kujenga ghala la mtu. Alifanya kazi nguo zikiwa zimelowa. Alirudi juu ya lori la mchanga uliotoka Sagana, akitetemeka. Waridi alimkanda kifua kwa mafuta ya moto.

"Ni mafua tu," Athman alisema.

Alisema hivyo mpaka aliposhindwa kusema. Walipomfikisha hospitali, daktari alisema ni nimonia, na kwamba wamechelewa. Watu wa msikiti walichimba kaburi, wakamswalia, wakamzika siku ile ile. Manyunyu hayakukatika.

Waridi akakaa eda. Mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki ovyo, haendi sokoni kuuza. Bibi Kibibi, mama yake Athman, alijaribu kuyabeba mahamri yeye mwenyewe. Baada ya wiki moja miguu yake ilivimba, naye akaacha. Moto wa jiko ukawa unawashwa mara moja tu kwa siku.

Mwisho wa Agosti, chuo kilipokuwa karibu kufunguliwa, Bibi Kibibi alisema lililokuwa moyoni mwake.

"Mwache mtoto akae nyumbani. Karai la mahamri lipo, mikono yake ipo. Chuo hakikimbii."

"Na umri wake, haukimbii?" Waridi aliuliza. Hakuinua macho.

"Nasema kwa uchungu, Waridi, sisemi kwa ubaya. Mwanangu amelala mchangani. Nani ataleta karo? Mnanitazama mimi kama kwamba nina shamba la kahawa Othaya."

Mwanaisha alikuwa akichambua mchele. Aliweka ungo chini. "Bibi, niache nijaribu muhula huu mmoja. Mtihani wa mwaka ni Novemba. Nikishindwa kupata karo, nitashika karai."

"Utajaribu kwa kitu gani?"

"Sijui bado."

"Mungu anajua," Waridi alisema. "Nenda."

Basi mambo yalikuwa wazi. Karo ikipatikana, Mwanaisha angefanya mtihani na kuendelea hadi mwaka wa mwisho. Isipopatikana, angerudi Majengo, na huo ungekuwa mwisho wa masomo yake.

Siku ya kufungua chuo, mhasibu alimwita. Alikuwa mzee mpole. Alimpa pole kwa msiba, kisha akamweleza.

"Chuo kina kazi za wanafunzi wenye shida. Unafanya kazi saa ambazo huna masomo, na malipo yako hayapiti mkononi, yanaingia katika karo. Mkuu wa kazi hizo ni Bwana Muriithi, msimamizi wa shamba la chuo. Jumamosi asubuhi nenda ghalani kwake. Usichelewe, kwa maana nafasi si nyingi."

Mwanaisha alimshukuru Mungu njia nzima kutoka ofisini. Jumamosi alikuwa wa kwanza kuamka.

Bwana Muriithi hakuwa mtu wa maneno mengi. Zamani wanafunzi walikuwa wakimletea kuku na asali ili awape kazi nyepesi. Alichoka nao, akaweka desturi yake. Alipanga vifaa chini mbele ya ghala, wanafunzi wakapiga foleni, na kila mmoja akapewa kifaa kilichofuata. Ukipewa jembe, kazi yako ni bustani ya mboga. Ukipewa panga, unakata majani ya ng'ombe. Kifaa ulichopewa ndicho kazi yako muhula mzima. Bwana Muriithi aliona kwamba hiyo ndiyo haki. Hakuuliza jina, wala hakutazama uso. Alitazama mikono tu.

Mbele ya Mwanaisha kwenye foleni alisimama Kagure, msichana wa Othaya aliyelala naye chumba kimoja. Kagure alipewa jembe. Mwanaisha alipewa ndoo nyekundu.

"Hii ni ya kazi gani?" Mwanaisha alimnong'oneza Kagure walipokuwa wakiondoka.

"Ati hujui? Hiyo ni ya nguruwe. Unabeba makombo kutoka jikoni, unawapelekea. Halafu unaosha banda yao." Kagure alicheka. "Uko na bahati wewe. Mimi hii jembe itaongea na mgongo yangu mpaka Novemba."

Mwanaisha alisimama. Tangu utotoni alijua kwamba nguruwe haliwi, na kwamba Mwislamu hamgusi wala hajipaki uchafu wake. Kwao hilo halikuwa jambo la kujadili. Aligeuka akamtazama Bwana Muriithi, ambaye bado alikuwa akigawa vifaa. Neno moja lingetosha. "Bwana, mimi ni Mwislamu, naomba kazi nyingine." Basi.

Lakini neno hilo halikutoka. Alifikiri juu ya maneno ambayo watu wa sokoni humwambia mama yake. Husema Waswahili wa Majengo hupenda kukaa kivulini na kunywa kahawa, wengine wakivunjika migongo. Aliona jinsi foleni nzima ingegeuka kumtazama. Wangesema, "Mnaona? Kazi ya kwanza, na tayari anachagua." Alinyamaza ili wasimwite mvivu.

Jioni alibeba makombo mpaka kwenye kijilango cha banda. Aliwasikia nguruwe wakikoroma. Aliweka ndoo nje, kwenye nyasi, akaomba kwa sauti ndogo, "Ee Mola, nifungulie njia nyingine." Kisha akaondoka. Jumapili alifanya vile vile.

Jumatatu Bwana Muriithi alimngoja nje ya darasa.

"Nguruwe yangu wamelia siku mbili. Ndoo iko nje, nguruwe wako ndani. Walikuwa watoke waje mezani? Wewe ulikuwa wapi?"

Hapo nafasi ya pili ilikuwa wazi, na Mwanaisha angeweza kusema kweli. Lakini mtu aliyenyamaza mara ya kwanza huona kusema mara ya pili ni kugumu zaidi.

"Nilikuwa mgonjwa," alisema.

"Umepona?"

"Nimepona."

"Haya. Leo jioni uwape chakula, na ufunge lango vizuri. Ile komeo imelegea."

Jioni hiyo alifika langoni, akasimama muda mrefu kuliko siku zote. Machozi yalimtoka. Aliweka ndoo chini pale pale, akarudi bwenini. Komeo hakuligusa.

Mvua ilinyesha. Nguruwe wenye njaa walisukuma lango, likaachia. Asubuhi watu waliwakuta katikati ya bustani ya mboga. Kabichi changa walizokabidhiwa wanafunzi wa bustani zilikuwa zimeng'olewa na kukanyagwa kwenye tope, mstari mmoja baada ya mwingine.

Kagure aliingia chumbani na viatu vyenye matope.

"Njoo uone. Nguruwe yako wamekula kabichi yangu yote."

"Si wangu."

"Si wako? Ndoo ilikuwa kwa mkono ya nani? Mimi pia sina baba, Mwanaisha. Sikukuambia kwa sababu kila mtu ako na yake. Lakini hiyo bustani ndiyo karo yangu."

Bwana Muriithi naye alimwita Mwanaisha mbele ya wenzake.

"Nilikupa kazi, ukaacha. Nikakuuliza, ukaniambia ugonjwa. Mimi nilichunga ng'ombe na homa ya malaria, na sikuacha hata mmoja alale njaa. Lete ndoo. Kutoka leo huna kazi kwangu." Kisha akaongeza, si kwa sauti kubwa, "Watu wa Majengo ni kweli wanapenda kivuli."

Maneno aliyoyakimbia yalikuwa yamemfikia. Tena sasa aliyasikia akiwa na kosa.

Katika shida hiyo alifanya jambo lingine bila kumwuliza mtu. Mjini, karibu na stendi, mwenye hoteli mmoja alitafuta msichana wa kuosha vyombo. Mwanaisha aliichukua kazi hiyo siku ile ile. Hakuuliza saa za kuanza wala za kumaliza. Alidhani angefanya kazi jioni tu. Lakini vyombo ni vingi saa ya chakula cha mchana, na mwenye hoteli alimtaka saa hiyo.

"Niko na darasa la kuchora saa nane," Mwanaisha alimwambia.

"Na mimi niko na sahani saa nane," mwenye hoteli alijibu. "Ukitaka kuchora, chora. Mwingine ataosha."

Akaacha darasa mara moja, kisha tena, kisha ikawa mazoea. Vidole vyake vilipasuka kwa magadi ya kuoshea vyombo na baridi, na mistari aliyochora ikapinda. Mwalimu wa uchoraji alimrudishia karatasi yake bila alama. Malipo ya hotelini yalikuwa haba, na mengi yaliishia kwenye chakula. Katikati ya Oktoba mhasibu alitangaza kwamba asiyelipa karo hataingia chumba cha mtihani.

Mwanaisha aliswali swala zote tano. Aliongeza na za sunna. Aliomba akilia, akaomba akiwa amechoka, akaomba mpaka maneno yakaisha. Hakuna aliyejua shida yake ila Mungu peke yake. Asubuhi moja, wenzake wakiwa darasani, alitandua shuka zake, akaanza kufunga mzigo.

"Hodi," sauti ilisema mlangoni. Alikuwa metroni, mwangalizi wa bweni la wasichana. Jina lake lilikuwa Phelister Wandera. Alitoka Busia, na mumewe alikuwa askari polisi pale Nyeri. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye hatua za polepole. Jumapili aliimba kanisani mpaka sauti ikakauka.

"Karibu, Metroni."

Phelister alitazama shuka, akatazama mzigo. Aliketi juu ya kitanda cha Kagure, nacho kikalia.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Sina karo."

"Na kazi ya Bwana Muriithi?"

"Alinifukuza."

"Hiyo nimesikia. Nimesikia pia wewe ni mvivu. Lakini mimi nakaa katika bweni hili. Wewe ndiye unaamka wa kwanza, unafagia koridoni bila kuambiwa. Sasa mvivu huyo ni nani? Niambie, mtoto wangu. Ilikuwa nini?"

Mwanaisha alieleza, polepole, kila kitu. Alisema juu ya ndoo, juu ya dini yake, juu ya uongo wa ugonjwa na hoteli ya mjini. Metroni hakumkatiza.

"Bwana Muriithi anajua wewe ni Mwislamu?" aliuliza mwishoni.

"Jina langu si ni Mwanaisha?"

"Yule huuliza jina?"

"Hapana."

"Basi angejuaje?"

"Nilimwomba Mungu," Mwanaisha alisema. "Nilimwomba kila siku anifungulie njia."

"Hiyo ni vizuri. Mimi pia ni mtu wa kuomba. Mungu anakusikia hata ukinyamaza. Lakini Bwana Muriithi si Mungu. Yeye ni mtu. Mtu anahitaji maneno."

Mwanaisha alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Phelister aliendelea, bila haraka, kama anayemfundisha mtoto kusuka mkeka.

"Sikia. Kazi ya chuo imewekwa ili usome. Si jela. Ukipewa kazi ambayo dini yako inakataa, au mwili wako hauwezi, unamwendea mwenye kazi kabla hujaanza. Unamwendea kando, si mbele ya watu. Unamwambia kwa maneno machache: hii siwezi, kwa sababu hii. Halafu usiishie hapo. Ukiishia hapo, anaona mtu anayekataa. Mwambie pale pale unaweza nini. Hapo anaona mtu anayetaka kazi."

"Na kama atakataa?"

"Atakuwa amekataa akijua. Hapo unaenda kwa mhasibu, au unakuja kwangu. Hata mwenzako anaweza kubadilishana na wewe, mradi Bwana Muriithi ajue. Lakini ukinyamaza, hakuna anayeweza kukusaidia, kwa sababu hakuna anayeona shida. Anaona nguruwe wenye njaa tu."

"Na ile ya hoteli?"

"Ile ni kosa lingine. Uliuliza saa? Hukuuliza. Mwanafunzi akitafuta kazi, aanze ndani ya chuo, maana hapa wanajua saa za masomo yako. Akienda nje, aulize kwanza: nitaanza saa ngapi, nitamaliza saa ngapi, nitalipwa lini. Kazi inayokula darasa inakula kile unachokitafutia karo." Alinyanyuka kwa taabu. "Funga mzigo kama unataka. Lakini kwanza nenda kwa Bwana Muriithi."

"Utanisemea, Metroni?"

"Sitakusemea. Nikikusemea leo, kesho ukiwa na bosi mwingine nani atakusemea?"

Mwanaisha alimkuta Bwana Muriithi kwenye banda la nguruwe, akipigilia komeo jipya. Alisimama mbali kidogo, upande ambao upepo haukuleta harufu.

"Bwana Muriithi, naomba kusema na wewe."

"Sema. Masikio hayashiki nyundo."

"Nilikudanganya. Sikuwa mgonjwa. Mimi ni Mwislamu, na dini yangu hainiruhusu kushughulika na nguruwe. Ilinipasa kukuambia siku ile ile. Niliogopa kuitwa mvivu, nikanyamaza. Nguruwe wako wakalala njaa, na Kagure akapoteza kabichi zake. Naomba unisamehe."

Bwana Muriithi aliweka nyundo chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni.

"Mimi nimenunua mahamri Majengo tangu kabla ya uhuru," alisema. "Unafikiri sijui Mwislamu na nguruwe? Ungesema, ningekupa hata fagio. Neno moja tu, msichana wewe. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

Mzee aliokota nyundo. Manyunyu yalianza tena.

"Na mimi nilisema neno mbaya juu ya watu wa kwenu. Hiyo nairudisha. Lakini nafasi yako imekwisha kwenda. Mwenzako Kingori ndiye ako na ndoo sasa, na siwezi kumnyang'anya. Muhula umefika katikati. Kazi sina."

Mwanaisha alitaka kuondoka. Kisha akakumbuka kwamba alikuwa amesema nusu tu ya yale aliyoambiwa na metroni.

"Naweza kulima," alisema. "Naweza kubeba maji, kufua, kukanda unga, kukoroga saruji. Kukamua sijui, lakini naweza kujifunza. Saa za masomo sipatikani, na saa nane mchana nina darasa la kuchora. Saa nyingine zote napatikana."

"Kukamua?" Bwana Muriithi alikuna kidevu. "Ng'ombe wanakamuliwa saa kumi na moja asubuhi, tena jioni. Hiyo ya asubuhi kila mwanafunzi anaikimbia. Nimepeana panga, nimepeana jembe, lakini hiyo sipati mtu. Baridi inakata masikio. Mzee wangu wa ng'ombe anakamua peke yake mpaka vidole vimekauka. Saa kumi na moja utaweza kuamka?"

"Saa hiyo huwa nimeamka. Ni wakati wa swala ya alfajiri."

Bwana Muriithi alimtazama tena. "Basi swali, halafu uje. Lakini kwanza utarudisha ile bustani. Kagure hajamaliza kuipanda upya. Utapanda na yeye, na hiyo haina malipo."

"Ni haki," Mwanaisha alisema.

Aliiacha hoteli siku hiyo. Alasiri alishika jembe kando ya Kagure. Kwa siku nyingi Kagure hakumsemesha. Walipanda miche mstari kwa mstari, na mvua ya vuli iliwanyeshea wote wawili sawasawa. Siku moja Kagure alisema tu, "Unapanda karibu karibu sana. Hiyo ni kabichi, si watu wa msikitini." Mwanaisha alicheka kidogo, kisha wakaendelea kupanda. Urafiki wa zamani haukurudi wote, lakini kazi ilisonga.

Kukamua kulikuwa kugumu. Ng'ombe wa kwanza alimpiga teke, akamwaga maziwa. Mikono iliuma hadi kwenye mabega. Asubuhi nyingine ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba alitafuta banda kwa kufuata sauti ya ng'ombe. Akiwa ameegemeza kichwa kwenye ubavu wa mnyama, alimkumbuka baba yake akikohoa, akalia pale ambapo hakuna aliyemwona. Lakini saa moja alikuwa amemaliza, amenawa, yuko darasani. Saa nane alikuwa kwenye meza ya kuchora, kila siku. Mwalimu alimpa kazi alizokosa, naye akazifanya moja moja, mikono ikinuka maziwa.

Wiki ya kwanza ya Novemba alikwenda kwa mhasibu. Mzee alihesabu kazi yake yote.

"Haijatosha," alisema. Mwanaisha akafumba macho. "Lakini Bwana Muriithi amekuja hapa. Anasema Desemba wanafunzi wakienda nyumbani, ng'ombe hawaendi likizo. Ukikubali kubaki na kukamua Desemba yote, nitakuruhusu kufanya mtihani sasa."

"Nakubali."

"Hutakuwa na mama yako baada ya eda. Umefikiri?"

"Nimefikiri," Mwanaisha alisema. "Nakubali."

Alifanya mtihani. Katika uchoraji, somo alilolipenda kuliko yote, alipata alama za chini kabisa za kupita, kwa sababu ya siku alizopoteza hotelini. Katika masomo mengine alipita vizuri. Aliandikwa mwaka wa tatu. Na Januari Bwana Muriithi aliongeza jambo katika desturi yake. Kabla ya kugawa vifaa aliwaambia wanafunzi, "Aliye na neno, aje kando aniambie sasa. Simcheki mtu." Wanne walikwenda. Mmoja alikuwa na pumu, hakuweza vumbi la majani makavu. Alipewa kazi ya maktaba.

Msomaji, ikiwa wewe au mtoto wako mnatafuta kazi ya kulipia masomo, ombeni, kisha mseme. Mola ndiye anayefungua milango, lakini kubisha hodi ametuachia sisi.

Eda ya Waridi iliisha Novemba ile ile ya mtihani, mvua ikiwa bado inanyesha. Jumamosi iliyofuata Mwanaisha alipata nafasi kati ya kukamua kwa asubuhi na kwa jioni, akaenda Majengo. Alimkuta mama yake ameketi kizingitini, mahali ambapo hakuwa ameketi kwa miezi. Alikuwa amekonda. Bibi Kibibi alikuwa ndani, miguu juu ya mto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimemaliza mtihani. Nitaendelea mwaka wa tatu, ila Desemba nitabaki chuoni kukamua ng'ombe."

Waridi alimshika mikono, akaigeuza, akaitazama ilivyokuwa migumu.

"Baba yako hayupo kuona," alisema.

"Hayupo, mama."

"Na Desemba hutakuwepo."

"Sitakuwepo. Nimeahidi kazi."

Kutoka ndani Bibi Kibibi alikohoa. "Mpe chakula mtoto, Waridi, asikae hapo kwenye baridi," alisema. "Ale, kisha arudi mapema. Ng'ombe hawajui kama sisi tuna msiba."